Kasi Sifuri

Wa kwanza alianguliwa na kasi saba. Nikamwachia aende.
Wa pili, kumi na mbili. Naye nikamwachia.
Majira ya baridi mazima, katika treni ya alfajiri
kutoka Yokote kwenda Akita, niliangua mayai kwa kidole gumba,
mayai mia mbili na sita,
hadi akatoka huyu, Numakoke wangu:
kasi sifuri, mgongo umeota kuvumwani,
macho kama vifungo viwili vya koti kuukuu.

Pale ghala la vifurushi walinicheka.
"Hata theluji inayeyuka upesi kuliko huyo,"
alisema Kagehisa, ambaye kikosi chake chote ni ndege wa radi
wanaopiga kabla hujakaa vizuri kitini.
Simba mwenda pole ndiye mla nyama.
Sikumjibu. Nilikuwa nikihesabu.

Maana hesabu yenyewe ni hii.
Usimtoe Numakoke mwanzo. Mtangulize Popochaki,
mnyonge, karatasi tupu, ila kiunoni ana mshipi
unaombakizia tone moja la uhai akipigwa pigo la kuua.
Kwa tone hilo anaupindua ukumbi:
dari chini, sakafu juu,
wa mwisho anakuwa wa kwanza.
Raundi tano. Si sita.
Kisha mwache afe.
Usimrudishe, usimhurumie;
kifo chake ndicho mlango
ambao Numakoke anaingilia bila kukwaruzwa.
Halafu tope zito, tope zito,
na adui akijificha nyuma ya ngao usipige hewa,
nywa maji ya mizizi, rudisha damu,
kisha tope zito tena.

Kwa njia hiyo niliwashinda sita.
Kagehisa alikuwa wa tatu. Ndege wake walidondoka
kama nguo zilizokatikiwa kamba.

Wa saba alikuwa Bi Tokiwa Shizue,
mfamasia mstaafu, miaka sabini na moja,
miwani imening'inia kwa uzi wa kijani,
chupa ya chai ya shayiri pembeni.
Aliinama. Nikainama.
Akamtoa Tetsuga, nondo wa chuma,
na mimi, kama kawaida, Popochaki.

Hakumpiga.

Nilipindua ukumbi, naye akanoa mbawa.
Raundi ya pili: Popochaki wangu mzima, mnene wa afya,
anaelea pale hana kazi,
kama mgeni aliyekwisha kuaga na mvua ikamzuia mlangoni.
Bi Tokiwa akanoa tena.
Ya tatu nikalazimika kumbadilisha kwa mkono wangu,
na Numakoke akaingia moja kwa moja kwenye mbawa zile.
Nusu ya damu ikaenda.
Ya nne, tope zito. Nondo akayumba, hakuanguka.
Ya tano, ngao. Nami, mjinga, nikapiga ngao.
Ya sita
dari ikarudi juu.

Sitaeleza ya sita.

Alinimiminia chai katika kifuniko cha chupa yake.
"Mayai mangapi?" akauliza.
Nikamwambia.
Akatikisa kichwa, kwa heshima nadhani.
"Nimehesabu vidonge miaka arobaini," akasema.
"Mtu akija na tano, nangoja tu ziishe."
Kisha akainuka kwa kushika meza, goti kwanza,
akaenda kumtoa jasho mvulana wa miaka kumi na mmoja.

Treni ya kurudi ilikuwa tupu, kipasha joto kikiunguza visigino.
Karibu na Ōmagari nikafungua kifaa.
Numakoke alikuwa amelala, kiputo puani,
hana habari kwamba tumeshindwa.
Sikumgusa. Yeye hana kosa, kasi yake ni ileile.
Nikamwita Popochaki,
nikamfuta upepo mkali asioutumia kamwe,
na mahali pake nikamfundisha
kujizima mwenyewe, raundi ya pili,
asisubiri mkono wa mtu.

Kifaa kikauliza: Una hakika?
Nje, taa za kivuko cha reli zilipita, nyekundu, nyekundu.
Kikauliza tena.