Nyumba Ina Ubavu

Fundi Ngumbao alinikabidhi ufunguo pale Changamwe,
akalipiga gari kofi mbili ubavuni kama mtu anayeuza ng'ombe,
akasema: Mwanamvua, hili si lori tena.
Lori hubeba mzigo. Hili umelibebesha kuta,
na ukuta upepo huuona kutoka mbali.

Nikacheka. Wiki nzima nilikuwa nikipigilia kabati,
nikifunga jiko la gesi, kitanda, tangi la maji juu ya paa
(alinikataza: uzito uwe chini, dada, chini!
lakini nilitaka maji ya kuoga yashuke yenyewe),
na pazia la maua nililolinyofoa Majengo
siku tulipogawana nyumba ya mama
chumba kwa chumba, bati kwa bati,
hadi Mselem akauliza kizingiti kimemwangukia nani.

Hakuna aliyejibu.

Fungu langu ndilo hili: mita saba, magurudumu sita,
na kimo cha kuogopesha nyaya za umeme.

Julai, saa tatu asubuhi, kusi limekwisha kuamka.
Kutoka Miritini gari lilinisikiza.
Barabara ya Dongo Kundu imepasua vilima,
na kati ya vilima hewa hutulia kama maji ya mtungi,
hata nikajisahau, mkono mmoja usukanini,
mwingine umeshika chungwa.

Kisha kilima kikaisha, daraja la Mteza likaanza.

Sikusikia kitu. Nilihisi tu
mtu ameweka bega ubavu wa kushoto
akasukuma, bila hasira,
kama anayesogeza meza apate kufagia.
Mstari wa katikati, uliokuwa kulia kwangu,
ukapita chini ya miguu yangu.
Chungwa likaenda zake.

Nilitaka kuvuta. Mwili wote ulitaka kuvuta.
Nikakumbuka: usishindane nao.
Ukivuta kwa nguvu zako zote, na upepo ukakatika ghafla,
ni nguvu zako mwenyewe zitakazokutupa.
Punguza mwendo. Shika kama unavyoshika mkono wa mgonjwa.
Elekeza kidogo tu kule unakotoka, na usubiri.

Nikashuka hadi arobaini.
Trela la kontena likanipita kulia,
kwanza likanitema, kisha likaninyonya,
sahani zikagombana kabatini
nami nikasema kwa sauti, sijui nikimwambia nani:
haya, haya, nimekusikia.

Nyumba ya mama haikuyumba hata siku moja.
Nilidhani ni boriti na udongo ulioshindiliwa.
Kumbe ni majirani: kwa Bi Tima huku, kwa kina Shee kule,
paa kwa paa, tukikatiana upepo pasi na kuambiana.
Humu sina jirani. Kila upepo unaopita ni wangu mzima.

Ng'ambo ya daraja niliegesha, pua ikiuelekea upepo,
magoti yakiwa ya mtu mwingine.
Chungwa nililikuta nyuma ya pedali ya breki.
Sitaki kulifikiria.
Huko ndani vikombe viwili vimevunjika,
birika limelala kifudifudi kama mlevi.
Tangi litashuka, Ngumbao. Umeshinda.

Kitu kimoja tu hakikusogea hata inchi:
chini ya kitanda, kwa bolti nne sakafuni,
ubao wa mvule uliolika katikati
kwa nyayo za mama, zetu, na za wageni wa misiba yote,
ambao wanaume wawili waliubeba usiku
nikiwamulikia kwa simu.

Simu hiyohiyo ikalia. Mselem.
Ati, kile kizingiti, hukukiona?

Nikateremsha kioo, kusi likaingia lote.
Sikusikii, kaka, nikasema.
Huku kuna upepo.