Matundu Yasiyo na Rangi

Royce Tackett analifunua turubai polepole
kama anayefunua uso wa bibi harusi:
gari la mwaka sabini, zambarau, silinda nane,
na juu ya boneti mdomo wa bati
unaofunguka kuvuta hewa ukikanyaga mafuta.
"Yalitoka mawili tu ya namna hii," ananiambia.
"La pili liliungua Kentucky."

Daima kuna la pili, na daima liliungua.
Miaka ishirini nazunguka Ohio
na tochi, na kioo cha daktari wa meno,
nimezika mapacha wengi kuliko niliowaona.

Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.
Njia linayojia naijua:
linakuja usiku, gerejini, na drili,
na seti ya tarakimu za kugongea bati,
likipakwa siki ili kufikia Jumapili
liwe limezeeka miaka hamsini.

Royce ana kijitabu cha matangazo, amekitia plastiki.
Ukurasa wa kumi na moja, mwanamke mwenye glavu nyeupe
anaugusa mdomo ule kwa kidole kimoja.
"Sasa huu nao ni uongo?"
Si uongo. Ila kijitabu kilichapwa Julai,
gari liliundwa Machi,
na kati ya Julai na Machi watu hugoma,
muuza vipuri hufilisika, mkubwa fulani hubadili nia.
Orodha ya hotelini haijamshibisha mtu.

Nampigia simu Bernadine Kosciolek, miaka themanini na nne,
aliyekuwa akipiga taipu karatasi za magari, zamu ya jioni.
"Mdomo ule? Ulikuja mmoja, wa mbao.
Wakaupiga picha, wakaurudisha sandukuni.
Sikuuandika hata mara moja,
na vidole hivi vinakumbuka kuniliko."
Namshukuru. Simwamini papo hapo;
kumbukumbu nazo hupigwa rangi upya.

Basi nalala chali chini ya boneti, kioo mkononi.
Kiwandani walitoboa kwanza, wakapaka baadaye:
rangi iliingia ndani ya tundu,
ikatuama ukingoni kama wanja.
Nahesabu matundu sita.
Yote sita yanang'aa, chuma kitupu,
meupe kama meno ya mtoto.

Sisemi kitu. Namwita aje atazame mwenyewe.
Anatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.
"Nililipia mdomo huu kuliko nyumba ya mama," anasema,
si kwangu, kwa kioo.

Kiti cha nyuma tunakiinua pamoja.
Katikati ya springi, karatasi ya Bernadine,
panya wamekula kona moja na kukojolea nyingine.
Mstari wa hamsini na nane, mahali pa mdomo: patupu.
Mstari wa thelathini na moja: *redio iondolewe*.
Napitisha tochi tena.
Kila mtu alitaka redio mwaka ule.
Huyu aliagiza asiwekewe.

"Mzee Stamper," anasema Royce, taratibu.
"Mpwa wake ndiye aliyeniuzia.
Alikuwa mpiga chapa. Kiziwi tangu utotoni."

Hilo halimwongezei dola hata moja, na namwambia hivyo.
Kisha namwuliza, maana kazi ni kazi,
kiko wapi kile kibati cheusi
kilichoziba tundu pale kwenye dashibodi?

Anaitazama redio aliyoipachika mwenyewe,
yenye taa za buluu, ikinong'ona matokeo ya besiboli.
"Nilikitupa wiki ya kwanza.
Nilidhani mtu alikosea."

Naandika ripoti juu ya tangi la mafuta, mistari minne.
Yeye ameingia, amefunga mlango,
redio ameizima, injini ameiwasha,
na kiganja chake kimelala juu ya usukani,
hakiendeshi popote.