Shina la Kumi na Tisa

Jumatatu lilikuwa kijani. Alhamisi
majani yamekauka yakiwa bado yameshika matawi,
vishada vimesinyaa kama vifundo vya uzi,
na mama yangu Piroska amesimama safu ya saba,
mikono kiunoni, hasemi.
Hapa Tokaj hali hii huitwa kiharusi.

Nimetoka Eger na kisanduku:
patasi, spiriti, kiberiti, mifuko yenye namba.
Ananitazama nikichoma ncha ya patasi.
"Huyu ameshakufa. Kisu unakitakasia nini?"
Nisije nikampandia wangu, nasema. Wa mikononi.
"Wapo hata huko?"
Wapo kila mahali, mama.
Anajifuta viganja kwenye aproni, mara mbili.

Msumeno ukapita, shina likafunguka:
pembeni mbao ngumu, rangi ya chai ya maziwa;
kisha mstari mweusi, mwembamba kama wanja;
na ndani ya wanja, weupe,
weupe laini unaobonyea kwa kucha,
mkate uliosahauliwa majini.

Kuvu ndiye anayelaumiwa. Kuvu ana shoka.
Lakini hafanyi kazi peke yake.
Nyuma yake wanakuja hawa wasio na mguu wala mdomo,
bakteria, kwa mamilioni, katika kipande kisichozidi ukucha:
wengine humenya alichokipasua,
wengine humlisha,
wengine, nashuku, wamemzuia mlangoni miaka na miaka
na hakuna aliyewahi kuwashukuru.
Sijui bado nani ni nani.
Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
hawakutaja kikulindacho,
kwamba nacho huvaa nguo hiyohiyo.

Siku tano katika kabati la joto,
juu ya uji mgumu wa mwani,
wakajitokeza: vitone vya maziwa, vitone vya kiini cha yai,
kimoja cha waridi, kinang'aa, kimejitenga.
Nikamletea mama kisahani, kimefungwa kwa utepe.
Akakiinua kwenye dirisha la jikoni
kama anayekagua noti kubwa.
"Hawa ndio?"
"Baadhi yao. Wengi hawakubali kuota nje ya mti."
"Afadhali hao. Wana adabu."
Kisha, bila kunitazama:
"Ni baba yako. Februari ile uliyozaliwa
alikata tawi nene kwa haraka, mvua inanyesha,
akaacha kidonda wazi kama mdomo wa chupa,
akakimbilia hospitali.
Kila kitu alikiacha wazi, Bertalan.
Lango. Bomba. Deni."

Usiku nilihesabu pete za mti
kwa ncha ya penseli, kutoka gome kwenda ndani,
mara mbili, kisha mara ya tatu kwa lenzi.
Mbao haina kinyongo; ina miaka tu.
Kidonda kilikuwa kidogo kwangu kwa miaka mitatu.
Mwaka huo baba alishahamia Miskolc,
ana mke mwingine na kibustani cha nyanya.
Mwaka huo safu ya saba ilipogolewa na mtu mmoja,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi,
na mtoto wa miaka mitatu ameketi ndani ya ndoo
akiimbiwa ili asilie.

Asubuhi akauliza, "Umepata?"
Nilikuwa nabandika karatasi kwenye kisahani:
S7, M19, Agosti.
"Ni vigumu kujua," nikasema.

Akanimiminia kahawa, akasahau sukari.
Akakaa kidogo.
Kisha akautoa mkasi wake msumarini,
akawasha jiko,
akaupitisha juu ya moto, upande huu,
upande ule, polepole,
akatoka nje.