Ufunguo wa Pili

Jumapili ile alitupandia kijana wa benki
hadi juu ya mawe ya Igogo, jasho limemchora mgongo,
akabandika karatasi ukutani mwa darasa la chekechea,
akaandika kwa wino mwekundu: UMASKINI NI TABIA.

Sikubisha. Mimi mhazini, kazi yangu kuandika.
Sanduku letu lina kufuli tatu;
ufunguo wa pili hulala shingoni mwangu
pamoja na rozari, mwaka wa sita huu.

"Nani hapa huweka asilimia kumi ya mshahara?"
Mbuke akaficha mdomo kwa ncha ya kanga.
Mshahara! Mbuke anaanika dagaa Mwaloni,
fedha yake hufuata mwezi wa angani:
mbalamwezi ikiwaka, sufuria inapoa.
Februari mvua ilikaa siku nne juu ya chanja zake.
Nikaandika: Hakuleta hisa.
Daftari halina safu ya mvua.

Akaenda kwa kausha damu, nani angemsubiri?
Laki mbili ziliingia asubuhi,
zikarudi kuchukua kitanda.

Kijana akasema: tofautisheni hitaji na tamaa,
kwa mfano hii chai ya kununua.
Nikatazama nje. Kutoka kwetu ziwa lote linaonekana,
hadi bustani za Kapripointi, mipira ikinywesha nyasi.
Maji ni yale yale. Yakipanda huku kwa kichwa cha mtu
kila jiwe linaongeza bei,
mpaka ndoo zetu zinaishinda bili ya mwenye bustani.
Hilo ni hitaji au tamaa, sikuuliza.

Mume wangu Mafuru alipasua sangara
akatoa bondo nene kama ulimi wa ng'ombe.
Akalipwa aliyotajiwa. Bei walishaipanga
watu wanaoliona jua kabla yetu.
Bondo likapanda ndege.
Mafuru bado anazipungia mkono zikipita.

Kisha mwaka ule wa kura: mkopo wa akina mama,
hundi ya boksi, pana kama mlango,
tukapiga nayo picha, vitenge vipya, meno nje.
Hundi ikaondoka na gari lililoileta.
Na greda lililosawazisha kibanda cha Kundi
lilikunywa mafuta ya ushuru wa Kundi;
risiti ametunza zote, amezipanga kwa tarehe.

Lakini tusijisitiri. Kuna ya kwetu pia.
Nyanjige alipoachika, akarudi na begi na mtoto,
ng'ombe kumi na wawili walioletwa kwa ajili yake
walishatoka zizini kuwalipia mahari kaka zake.
Hakuna aliyeandika jina lake hata kwenye kwato.
Nami nilichangia harusi tatu kabla ya ada ya mwanangu,
kwa kuogopa mdomo wa kamati,
na ukumbini nilicheza, nisidanganye, nilicheza sana.

Tulipofunga, kufuli moja, mbili, tatu,
kijana alibaki akifunika kalamu zake.
Mkataba wake wa miezi mitatu, akasema kwa chini,
hulipwa kwa vichwa anavyosajili.
Hisa yenu moja ni shilingi ngapi?
Nikarudisha ufunguo tunduni.
Jina: Lushinge. Hisa: moja.

Karatasi yake ilikuwa imeanza kulegea ukutani.
Mbuke akaibandua, akaigeuza upande mweupe,
akafungia dagaa, kilo kama mbili,
akamtia mkononi na kukataa fedha.
Kalamu ninayo. Nimekaa nayo hadi sasa,
sijui niiandike safu gani.