Watazamaji Mia Tatu na Kumi na Wawili

Meza ya saba, Tabata Kimanga, Ijumaa ya mwisho wa mwezi.
Chupa kwanza ipigwe picha, ndipo ifunguliwe.
Nimeshazoea: naishika kitako, naigeuza nembo itazame mbele,
naifuta jasho la barafu kwa aproni
kama mkunga anayemfuta mtoto kabla ya kumkabidhi.

Ombeni analipa kwa simu. Linabaki salio
la nauli ya bodaboda, na bando la saa moja.
Saa moja inatosha. Anaiegemeza simu kwenye kikopo cha vijiti vya meno,
anawasha laivu.
"Oya wanangu, mpo?"

Wapo. Themanini. Mia mbili. Mia tatu na kumi na wawili.
Makopa mekundu yanapanda kwenye kioo
kama mapovu ya bia, ila haya hayatulii.
"Usichanganye maji, mwana." "Kavukavu!"
"Shusha yote tukuamini."

Akashusha.
Watatu aliokuja nao wameinamia simu zao,
wanamtazama humo.

Sijui alianguka saa ngapi, nilikuwa kaunta nadai chenji.
Niliporudi, shavu lake liko kwenye sahani ya mishikaki
na makopa bado yanapanda.
"Hahaha, umeme umekatika."
Wale watatu wamekwenda kutafuta bodaboda, hawajarudi mpaka leo.
Nikamlaza ubavu, nikamtoa nyama mdomoni kwa kidole,
kisha nikaishika simu, nikawatazama usoni
watu wasio na uso:

"Nani anakaa karibu naye?"

Mia tatu.
Mia moja na tisa.
Arobaini.
Kumi na mmoja, na kati yao mmoja anaomba namba yangu.
Sita.
Mmoja.

Akaandika bila nukta: dada usimwache naja yuko baa gani

Alifika na bajaji, dada yake, Tumsifu,
kandambili moja ya bluu, nyingine ya kijani,
mkononi funguo za geti na ndoo ndogo ya plastiki,
kama mtu aliyewahi kuifanya safari hii.
Hakuniuliza lolote. Alimwita kwa jina la utotoni
ambalo sitaliandika hapa.

Jumapili nikaiona posti: Usiku wa kibabe, asanteni familia.
Picha imekatwa vizuri. Chupa ipo, nembo imetazama mbele.
Pembeni, kidogo tu, vidole vyangu vitatu
na glasi ya maji.