Injini Haiwaki

Juni, Uyole. Baridi imeingia hadi kwenye kibodi,
vidole vinaandika kwa kigugumizi.
Nimejifunika blanketi kama mgonjwa wa malaria
na kompyuta niliyoipakata ndiyo jiko langu pekee:
feni inahema, chini joto, juu maandishi mekundu.

Faili halikupatikana.

Usiku wa tatu huu. Wa kwanza nililaumu bando:
gigabaiti saba za kompaila zilikatikia kwenye sita na nusu,
nikamkopa Subilaga elfu tatu, nikaanza upya toka sifuri.
Wa pili nililaumu toleo. Injini inataka la zamani,
mimi nimeweka jipya, kwa kiburi cha mtu
anayedhani kipya ndicho kizima.
Nikang'oa. Nikapanda la zamani.
Likaniuliza mwenzake yuko wapi; mwenzake akamtaka mjomba;
ukoo mzima ukaomba nauli.

Na mchezo wenyewe ni mdogo tu:
Fuso ya viazi inashuka Mlima Nyoka,
ukungu, breki zinanuka, mbuzi wawili barabarani,
na wewe unashusha gia kabla ya kona.
Basi. Hakuna bunduki.

Asubuhi nilipita gereji kwa fundi Mwashilindi
nikamwambia, injini yangu haiwaki.
"Skania au Fuso?"
"Ya kutengenezea michezo."
Alinitazama kama mtu aliyepewa spana ya mbao.
Akafuta mikono, akauliza hata hivyo:
"Umebadilisha vitu vingapi kwa pamoja?"
Nikahesabu. Vidole vya mkono mmoja vikaisha.
"Basi hujui ulichoharibu wala ulichoponya.
Rudisha vyote. Gusa kimoja, washa, sikiliza.
Na usihangaike na kelele ya mwisho. Tafuta ya kwanza."

Nikarudi. Nikapandisha ukurasa juu, juu,
nikiyapita makosa mia mbili na kumi na nne
yaliyokuwa yanalia kwa sababu mwenzao amelia,
hadi kwa la kwanza, dogo, limejikunyata:

Hakuna folda iitwayo Kazi.

Kweli haikuwepo. Kulikuwa na Kazi za Tusa.
Mama ndiye aliyeiandika, siku nilipoileta mashine nyumbani,
kwa kidole kimoja, akisaka herufi kama anayechambua maharage:
Kazi, akaruka, za, akaruka, Tusa,
nisije nikachanganya vyangu na hesabu zake za magunia.
Na mashine, isiyojua kwamba watu huvuta pumzi,
ilifika kwenye mwanya wa kwanza
ikadhani jina limekwisha.

Mama anashona lumbesa sokoni, mwaka wa kumi na tisa huu:
sindano ndefu, kamba ya katani, kilemba cha viazi juu ya gunia.
Nilipomwonyesha hakucheka.
"Mdomo wenye mwanya," alisema, "unamwaga mzigo Igawa
na tajiri anamfokea dereva."
Akauliza kama kompyuta nayo ina kamba.
Ina. Kistari kinacholala chini kabisa ya herufi.
Akavaa miwani. Akashona mwenyewe:

Kazi_za_Tusa

Asilimia arobaini. Arobaini. Arobaini na moja.
Chai ikapoa, ikaota ngozi.
Nilitazama mita ya LUKU mara nyingi kuliko kioo,
yuniti tatu, mbili na nusu,
na nje roli za kwenda Tunduma zikipanda kwa gia nzito
kama zinazonicheka, au zinazonisukuma, sijui.

Saa saba kasoro, Fuso ikatokea.
Ya waridi tupu, kwa kukosa rangi.
Ikanguruma, ikatikisa viazi vyake,
ikazama moja kwa moja ndani ya lami
kama kijiko ndani ya uji.

Mama, kutoka ndani ya blanketi lake:
"Imewaka?"
"Imewaka."
"Na barabara?"
"Barabara bado haishiki."
Akageukia ukutani.
"Kama ya kwa bibi yako," akasema, akalala.