Tano kwa Tano

Ghala la ushirika lilikuwa fupi kwa hatua nne.
Anangisye, karani wa mizani, alilipima kwa miguu
mwaka wa sitini na sita, kahawa ilipokwisha kusombwa,
akasema: basi, tutacheza tenisi fupi.
Mvua ya Tukuyu haikuwa na habari naye.

Mchezo aliuokota kwa wazungu wa chai,
akiwatafutia mipira vichakani kwa senti tano,
nao wakikimbilia verandani kila wingu liliposhuka Rungwe,
yaani kila siku.
Sisi, alisema, tuna paa.

Chokaa ikachorwa juu ya saruji.
Wavu ulitoka Matema, bado unanuka mbasa.
Kombe alilifua fundi sufuria wa Mwanjelwa,
masikio mawili, moja limempanda mwenzake.
Na sheria moja ya kwetu tu:
mpira ukigusa kenchi, pointi imekufa, rudieni.

Kila Aprili, wiki moja, wanaume peke yao.
Walikuja wa Kyela, wa Mbozi,
mmoja wa Njombe juu ya lori la viazi,
raba zao zimepakwa chokaa ileile ya mistari.
Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilipenya chini ya mizani,
kwa hiyo niliokota mipira.
Bati likinguruma hatukumsikia mwamuzi;
alinyoosha vidole,
tukaamini vidole.

Baba aliandika washindi ukutani kwa rangi ya bluu.
Mwakatumbula. Mwakatumbula. Kibona. Mwakatumbula tena,
hadi akawa anamwekea vistari tu, kama deni dukani.

Halafu ikaja miaka ya foleni.
Mipira ikanyonyoka, ikaota vipara;
mama aliipasha kando ya jiko ipate kuruka.
“Kombe la wanaume,” alisema, akigeuza mmoja kama kiazi,
“na moto wa nani?”

Themanini na nne, fainali:
Kibona, mwalimu wa hesabu,
na Lwitiko wa Masoko, fundi baiskeli, mtu wa shoto.
Seti ya mwisho, tano kwa tano, umeme ukakatika.
Tukangoja. Mtu akawasha tochi,
akaizima kuokoa betri.
Wakapeana mikono gizani: kesho, saa nne.

Kesho saa nne lori la mbolea lilikuwa limeziba mlango.
Magunia mia sita, amri ya mkoa,
wiki mbili tu.
Wiki mbili hizo hazijaisha.

Wao wakazeeka. Sokoni, msibani,
kwenye benchi la kliniki ya presha,
hawakuulizana habari za nyumbani.
“Tano kwa tano,” mmoja.
“Tano kwa tano,” mwenzake,
na kila mtu akashika njia yake.

Lwitiko tulimzika Juni, ukungu hadi magotini.
Kibona alitupa udongo wake, akapangusa kiganja,
akanitafuta mimi katikati ya wajukuu zangu:
“Zamu ya kuanzisha ilikuwa yake.
Wewe ulikuwepo. Wasije wakasema nilishinda.”

Nikapitia ghalani kabla ya kurudi nyumbani.
Siku hizi wanauza saruji.
Nyuma ya shehena nikaona kipande cha ukuta,
1984 na nukta mbili,
ambazo baba alizitangulia asubuhi ile kabla ya mchezo.
Bluu imeshika.
Kijana wa duka akasogea, daftari mkononi,
akaniuliza, mama, nikupe mifuko mingapi.